Pole pole iliyotuponza: siku tuliyogeuzwa njiani kwenda Boiling Lake

Kwanza niondoe mkanganyiko, maana hata dada aliyetukatia tiketi aliuingia: Dominica si Jamhuri ya Dominika. Ile nyingine ndiyo yenye wachezaji wa besiboli na mahoteli ya ufukweni, nayo inagawana kisiwa na Haiti. Dominica ninayoisema mimi ni kisiwa kidogo cha kilomita za mraba kama 750, kimekaa kati ya Guadeloupe na Martinique, na watu wake, kama 70,000 hivi, wangeenea kwenye kata moja au mbili za Dar es Salaam. Ufukwe mweupe wa kwenye kalenda hutaupata kirahisi huko. Mchanga wake mwingi ni mweusi wa volkano. Anayekwenda Dominica anakwenda kupanda, kuogelea mitoni, kupiga mbizi, kutafuta nyangumi. Sisi tulikwenda kupanda hadi Boiling Lake, ziwa la maji yanayochemka huko milimani, na hatukufika. Nimekaa na kisa hiki muda wa kutosha kuona kwamba kosa lilikuwa langu, tena lilitokana na jambo ninalolijua vizuri.

Nimefanya kazi Kilimanjaro miaka kumi na mmoja. Nilianza na mzigo kichwani, nikawa msaidizi wa kiongozi, nikamaliza nikiwa kiongozi mwenye leseni. Sasa naishi Marekani, na milima naiona likizo tu. Februari ile tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, shemeji yangu ambaye ni kaka yake, na mpwa wangu wa miaka 19. Tulitua Douglas-Charles, kiwanja cha kaskazini-mashariki, tukaendeshwa zaidi ya saa nzima ya kona tupu hadi Roseau, gari likipita kushoto kama kwetu. Jioni mezani tukakuta shelisheli la kuchoma, magimbi na ndizi mbichi za kuchemsha. Mke wangu akasema, "Ndege mbili zote hizi, kumbe tunakuja kula Muheza."

Kiongozi tuliyempata alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, mwenye buti za mpira na panga mkononi. Alikuja usiku wa kuamkia safari akakaa kibarazani na kutueleza njia. Kutoka Titou Gorge, karibu na kijiji cha Laudat, ni kama kilomita 13 kwenda na kurudi, na watu wa kawaida hutumia kama saa sita au saba. Unatembea msituni hadi mto uitwao Breakfast River, unapanda mlima Morne Nicholls, unateremka bonde lenye mvuke, kisha ndipo ziwa. Alitupa nyakati mbili za kushika. Saa 1:30 asubuhi tuwe tunatembea. Saa 7 mchana, popote tutakapokuwa, tunageuka.

Nikamuuliza Morne Nicholls una urefu gani. Mita 965. Nilicheka, si kwa dharau, kwa mazoea tu: lango la Marangu, pale wageni wanapojiandikisha hata hawajaanza kutoka jasho, liko juu ya mita 1,800. Nikamwambia mzee nilikuwa nafanya kazi gani nyumbani. Akaniangalia kwa heshima kubwa, akanipa mkono. Nilifurahi. Sasa nikikumbuka mkono ule naona mambo yalianza kuharibika pale.

Asubuhi hatukutoka kwa wakati. Shemeji alikuwa anatafuta soksi, maandazi yao wanayoyaita bakes yalikuwa ya moto, na mimi ndiye niliyesema tusikimbizane, mlima wenyewe mdogo. Tulianza kutembea saa 3:10. Mzee alitazama saa yake mara moja, akaweka panga begani, akatangulia.

Njia yenyewe ni ngazi. Wamelaza magogo kwenye udongo, kila gogo kimo cha goti la mtoto, nayo yanateleza kama yamepakwa sabuni. Msitu ni wa kijani kile cha maji, mizizi imetapakaa juu ya ardhi, na hapa na pale unaona mti mkubwa umekatika kichwa: kazi ya kimbunga Maria, kilichopiga kisiwa usiku wa tarehe 18 Septemba 2017 kikiwa cha daraja la tano, kikang'oa majani yote ya milima hii. Mzee alisema baada ya kimbunga milima ilikuwa ya kahawia, kama imeungua.

Dakika ya kumi nikaanza kazi yangu ya zamani. Mpwa alikuwa anaruka ngazi mbili mbili, nikamrudisha nyuma. "Pole pole," nikamwambia, "mlima haukimbii." Nikajipanga nyuma ya mzee, nikapunguza mwendo, na watu wangu wakapunguza nyuma yangu. Kila baada ya dakika ishirini tulisimama kunywa maji, kama ninavyofundisha. Mzee alikuwa anatuacha, anageuka, anatusubiri. Hakusema kitu.

Breakfast River tuliufikia saa 4:45. Jina lake ni kifungua kinywa kwa sababu wapandaji walizoea kula hapo, tena ndipo mahali pa mwisho pa kujaza maji safi, kwani mbele yako maji yote yana salfa. Ulikuwa mto wa kuchezea watoto. Maji yalifika chini ya goti, mawe yote yanaonekana, unavuka kwa kuruka. Tulikaa hapo dakika ishirini. Saa 6:25 tukawa juu ya Morne Nicholls, mlima uliopewa jina la daktari Mwingereza, Henry Nicholls, mmoja wa watu walioandika habari za ziwa hili miaka ya 1870. Siku ya wazi unaona bahari upande mmoja na moshi wa ziwa upande mwingine. Sisi tuliona wingu, na mvua ikaanza kutudondokea, nyembamba, ya kuvumilika.

Kuteremka kwenda Valley of Desolation ndiko kugumu kuliko kote. Tope, miamba, mahali pengine unashuka kwa makalio. Kisha msitu unakatika ghafla na unajikuta mahali pasipo na jani. Ardhi ni ya njano, nyeupe na kutu. Vijito vinapita, kimoja cheusi kama wino, kingine kama maji ya mchele. Matundu yanapuliza mvuke kwa sauti ya jiko la pampu lililojaa upepo. Harufu ya yai bovu. Mzee alitupanga mstari mmoja, kila mtu akanyage alipokanyaga yeye, kwa sababu kuna mahali ardhi ni gamba tu na chini yake ni maji yanayochemka.

Saa 7:10 akasimama kando ya tundu moja, akatoa mayai manne kwenye mfuko wa wavu, akayazamisha. Akasema, "Tukila haya tunarudi."

*

Mabishano yalichukua muda ule ule wa mayai kuiva. Mpwa alianza: "Mjomba, zimebaki dakika arobaini tu. Tumetoka Marekani!" Shemeji, aliyekuwa amechoka kuliko wote, cha ajabu ndiye aliyetaka zaidi kuendelea, watu waliolipa kwa jasho hawapendi kurudi. Mke wangu alinyamaza, akanitazama mimi. Na mimi, niliyewahi kuwageuza watu wazima wanalia chini kidogo ya Stella Point, karibu kabisa na kilele cha Kilimanjaro, nikamwendea mzee pembeni nikamwambia kwa sauti ya chini, sauti ya mtaalamu kwa mtaalamu, kwamba kundi liko imara, hakuna anayeumwa kichwa, hakuna anayetapika, kwa nini tusiende.

Kwa maneno mengine, nilimpimia afya ya kundi kwa kipimo cha mita 5,000 tukiwa mita 800.

Alinijibu kwa kunyoosha kidole juu tulikotoka. Wingu lilikuwa limeshuka hadi nusu ya mlima. "Hapa tunaona mvua kidogo," alisema. "Kule juu ya mto inaweza kuwa imeanza zamani." Kisha akaniambia habari za bonde lenyewe: kwamba mwaka 1901 mgeni mmoja na kiongozi wake walikufa kwa gesi huko ziwani, kwamba ziwa hilo halina tabia moja, Desemba 2004 maji yake yalitoweka karibu yote na yakarudi mwaka uliofuata. Wakati ule nilidhani ananitisha. Nadhani alikuwa ananiambia tu kwa adabu kwamba mlima huu una wenyewe.

Tukala mayai. Ganda lilikuwa limegeuka kijivu. Saa 7:25 tukageuka.

Mvua ya kweli ilitukuta Morne Nicholls tukirudi. Katikati ya kisiwa hiki kunanyesha zaidi ya milimita 7,000 kwa mwaka; Dar es Salaam hupata kama 1,100. Namba kama hiyo ukiisoma haikuambii kitu mpaka uione ngazi yako ikigeuka mfereji. Tulifika Breakfast River saa 9:15 na sikuujua. Rangi ya chai ya maziwa, mawe tuliyorukia hayapo, na sauti yake tuliisikia kabla hatujauona.

Mzee hakukimbilia kuvuka. Alichuma kijiti, akakichomeka kwenye mchanga pale pale ukingo wa maji ulipo, akachuchumaa. Baada ya kama dakika tano kijiti kilikuwa ndani ya maji kwa upana wa vidole viwili. "Dlo ka monté," alisema, si kwetu, kwake mwenyewe. Ni Krioli yao, Kwéyòl: maji yanapanda. Akachomeka cha pili juu zaidi. Tulisimama chini ya mti tukitetemeka, maana hata nchi ya joto ukilowa hivyo unatetemeka. Kijiti cha pili kilifikiwa, kisha kikaachwa. Cha tatu hakikuguswa. Alipoona mchanga wenye unyevu umejitokeza chini ya kijiti cha pili, akatuambia tufungue kamba za mabegi za kifuani na kiunoni, ili mtu akianguka aliache begi liende. Tukashikana mikono, yeye upande wa juu wa mkondo, mpwa mwishoni. Maji yalinifika mapajani. Ilikuwa hatua kumi na tano labda. Shemeji aliteleza mara moja akabaki ananing'inia mkononi mwangu na mwa mke wangu, kisha akapata jiwe.

Tulisubiri dakika arobaini, tukavuka, na saa 11:15 jioni tulikuwa Titou. Pale mlangoni mwa korongo kuna chemchemi ya maji ya uvuguvugu inayotiririka ukutani. Tulisimama chini yake na nguo zetu, bila kusema neno.

*

Sasa hesabu. Kwa mpango wa mzee, tungekuwa bondeni saa 4:00 na ziwani saa 4:45, na ile saa 7 ingekuwa na akiba ya zaidi ya saa mbili ndani yake. Sisi tulifika bondeni saa 7:10. Tumepoteza dakika 190. Mia moja zilipotea mezani kwa maandazi. Tisini zilipotea njiani, na hizo tisini ndizo zinazoniuma, kwa sababu nilizipoteza kwa makusudi nikidhani natunza watu.

Pole pole ya Kilimanjaro ina sababu yake. Mwili unahitaji muda kuzoea hewa nyepesi, na anayekwenda mbio siku ya pili ndiye tunayemshusha kwa machela siku ya nne. Tena siku nyingi za mlima ule ni fupi, na ukichelewa kufika kambini unakuta hema limesimama na chai iko kwenye chupa. Dominica hakuna hewa nyepesi ya kuzoea. Hakuna kambi pia. Kambi ni gari uliloliacha Titou, kwa hiyo kila dakika unayoichelewesha kwenda unaidaiwa pia wakati wa kurudi, ukiwa umechoka, mvua ya mchana ikiwa imeanza, na mto ukiwa katikati yako na gari. Wenyeji husema kisiwa chao kina mito 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka. Yote ni mifupi na ya mteremko mkali. Mvua ikipiga juu, habari inakufikia chini baada ya muda mfupi tu.

Ukiniuliza kama uamuzi wa mzee ulikuwa sahihi, usinijibie kwa kunionyesha mto ulivyofurika. Wengi waliosikia kisa hiki hufanya hivyo na mimi hubisha. Tungekwenda ziwani, dakika arobaini kwenda, ishirini za kukaa, arobaini kurudi, tungefika mtoni karibu saa 11 jioni, na huenda tungekuta maji yameshashuka na kuvuka kirahisi kuliko tulivyovuka. Inawezekana kabisa. Lakini saa 7:10 hakuna aliyejua hilo. Kilichojulikana ni hiki: jua la Februari huzama saa 12 na ushee, msituni giza huingia mapema zaidi, hata mto ukiwa mtulivu tungetoka saa 12:15, na kati ya watu watano taa ya kichwa ilikuwa moja, ya mzee. Hiyo peke yake ilitosha. Mto ulikuwa nyongeza.

Swali ambalo ningemuuliza kiongozi mwenzangu ni jingine: kwa nini hakusema mapema? Pale Breakfast River saa 4:45, mtu yeyote mwenye saa angejua kwamba kwa mwendo ule ziwa limeshatuponyoka. Angetuambia tukaze mwendo au tugeuke tukaogelee. Nilimuuliza kesho yake, tumekaa nje ya duka lake la mtaani na soda. Alicheka kidogo. Alisema mgeni akikuambia ameongoza watu kwenye mlima mkubwa kuliko yote Afrika, wewe wa mita 965 utamfundisha kutembea?

Ilinichoma kwa sababu naijua. Niliwahi kupandisha kundi lenye daktari. Alikuwa na kipimo chake cha oksijeni, anajisomea mwenyewe, anajitibu mwenyewe, na mimi niliyeona jinsi anavyoyumba tangu kambi ya Barafu nilikaa kimya hadi msaidizi wangu alipopiga kelele. Yeye ndiye daktari, nilijiambia. Mgeni mjuzi ni hatari ya aina yake. Anamfunga mdomo mtu pekee anayejua. Sasa nilikuwa mimi ndiye daktari.

Mzee ana lawama yake ndogo, na ameikubali mwenyewe. Lakini ukipima, saa ya kugeuka aliitaja usiku kabla ya safari, mbele ya wote, kabla uchovu na hamu havijaanza kusema. Ndiyo maana ilishika. Angeitunga pale bondeni, mbele ya mpwa wangu na pesa zetu za tiketi, tungemshinda.

Nisiache hili. Serikali yao imeanza mradi wa vigari vinavyoning'inia kwenye kamba, zaidi ya kilomita sita, vya kuwapandisha watu kutoka bonde la Roseau hadi karibu na ziwa. Hoja ni wageni wa meli za kitalii, ambao wanashuka asubuhi na jioni lazima wawe wamerudi melini. Kwao njia ya saa saba ni kamari. Wapagazi wa Kilimanjaro watakumbuka mwaka 2019, wazo kama hilo lilipoletwa kwetu, na zogo lake. Mzee hana ugomvi mkubwa nao. Alisema watakaopanda kwa kamba si wateja wake, na kwamba hata hivyo ukungu haukati tiketi.

*

Mpwa hakuridhika. Siku mbili baadaye alitoka na mzee wawili tu, alfajiri, mimi nikiwa kitandani na magoti yangu. Nilimwomba aniandikie saa, na aliandika kwa kalamu kwenye mkono: Titou 12:40, mto 1:30, Nicholls 2:20, bondeni 2:50, ziwani 3:30. Hakuna aliyemwambia pole pole.

Saa saba kasoro robo mchana alikuwa amerudi, viatu mkononi. Picha ishirini za kwanza ni nyeupe tupu, mvuke. Walikaa ukingoni robo saa wakisubiri upepo, na upepo ulipofungua, kwa muda wa kama dakika moja, ndipo ziwa linaonekana: beseni la upana wa mita sitini hivi, maji ya rangi ya zege mbichi, katikati yanatokota kama sufuria ya maharage. Picha zenye ziwa ni tatu, na moja kidole chake kimeingia.

Mfukoni alikuwa na yai la kijivu, limefungwa kwenye jani. Akasema mzee amemwambia amletee kiongozi.